Fedha za mkulima zisitegemee seva moja

Mkulima wa Bungu anayelipwa mazao yake kwa simu, salio lake limo kwenye seva iliyo mbali naye. Seva ikizimika siku ya gulio, biashara husimama.

Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja, intaneti ikazorota nchini. Fundisho: kuwa na mbili pekee hakutoshi.

Watunza fedha waweke seva ya pili mji mwingine, yenye umeme na mawasiliano yake. Iwepo na mashine ya tatu ya kuamua ipi iongoze. Vinginevyo, mbili zikipoteana, kila moja itaandika hesabu zake.

Zijaribiwe kabla ya mavuno. Akiba haiozi, lakini isiyojaribiwa hugoma siku ya shida.