Mdogo wa Iringa, Mkubwa wa Mbeya

Leo naomba tuwaache kidogo wapenzi wanaonuniana, tuzungumzie sungura. Usicheke! Ukifika mwisho utaona mambo ni yale yale.

Mwenzenu nilipoolewa mara ya pili nilihama Kihesa, Iringa, nikaenda kuanza maisha Mbeya, maeneo ya Sae. Nilipanda basi na mabegi matatu na boksi lenye matundu. Ndani ya boksi alikuwemo Kidoti, sungura jike wa kienyeji, kilo 1.5, aliyenifariji ndoa ya kwanza ilipovunjika. Mafinga, Makambako, Chimala, kila basi liliposimama nilikuwa nachungulia kama bado anahema.

Sae nikamkuta Tingatinga. Hilo ni dume jeupe aina ya New Zealand White, kilo 4.5, mali ya binti wa mume wangu. Binti ana miaka 10, na mama yake alishafariki. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo anti," akanipokea begi. Boksi hakuligusa.

Sasa mimi na haraka zangu za bibi harusi, nilitaka nyumba ionekane moja siku hiyo hiyo. Nikasema sungura walale banda moja. Binti akaniambia taratibu, "Anti, watapigana." Nikamjibu, "Watazoeana tu, mama." Nikamtumbukiza Kidoti ndani.

Jamani, nilichemsha! Hawakupigana sana, ila kilichotokea mnakijua, na dakika haikuisha. Sungura jike hasubiri siku zake kama mbwa. Yai linatoka baada ya kupandwa, kwa hiyo ukiwaweka pamoja mara moja tu, kazi imekwisha. Mimba ni siku 31 hivi. Siku ya 32 Kidoti alianza kuhangaika tangu mchana, na usiku alikuwa amelala ubavu, anahema kwa shida. Mtoto alikuwa amekwama. Daktari wa mifugo aliitwa, akatoa watoto watatu, wote wamekufa.

Nikiwa na hasira nikatamka mbele ya watu: "Mnaona lidude lenu lilivyotaka kuniulia sungura wangu!" Binti akainuka, akaenda chumbani. Chakula cha usiku hakula.

Daktari akanawa mikono, akaniambia, "Mama, dume hana kosa. Aliyefungua banda ndiye aulizwe." Akaeleza kwamba jike mdogo akipandwa na dume kubwa, watoto wanaweza kuwa wakubwa kuliko njia, hasa wakiwa wachache tumboni. Na mbaya zaidi, jike anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyojifungua. Dawa yake? Kuhasi.

Alfajiri nilimkuta binti bandani kwa Tingatinga. Nikachuchumaa. Nikamwambia, "Uliniambia, nikakupuuza. Kosa ni langu, si lako wala la Tingatinga. Naomba unisamehe." Hakunijibu hilo. Akauliza, "Kidoti amekula?" Nikasema amekula majani mawili. Akasema, "Basi atapona."

Tangu hapo kazi tukaifanya wawili. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Kwanza, chagua daktari. Madaktari wetu wengi wamesomea SUA, Morogoro, na wana uzoefu mkubwa wa ng'ombe, mbuzi na mbwa. Sungura ni habari nyingine. Uliza bila aibu: umewahi kumpa sungura dawa ya usingizi? Akikwambia atatumia koleo la kuhasia ng'ombe, chukua sungura wako uondoke. Akikwambia umlaze na njaa kama mbwa, muulize tena. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama anaweza kufa. Anatakiwa ale nyasi kabla, na ale tena mapema akizinduka.

Pili, dume akishahasiwa si kwamba yamekwisha siku hiyo. Mbegu zilizobaki zinaweza kutungisha mimba kwa wiki 6 hivi. Tingatinga alihasiwa Machi, tukahesabu wiki kwa kuchora mistari ukutani. Binti ndiye aliyeshika chaki.

Tatu, jike naye afanyiwe. Upasuaji wake ni mkubwa zaidi, tumbo linafunguliwa, lakini sungura jike mwenye kizazi yuko kwenye hatari kubwa ya saratani ya kizazi akifika miaka mitatu, minne na kuendelea. Kidoti tulisubiri apate nguvu, akafanyiwa Aprili.

Nne, kuzoeana. Banda kwa banda, katikati waya na nafasi ya kutosha wasing'atane pua. Kila siku tulibadilishana nyasi za kulalia, harufu ya huyu iende kwa yule. Mei tukawakutanisha koridoni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kukaa, dakika 10 kila jioni. Chakula mafungu mawili. Boksi la kujificha lenye milango miwili, ili mdogo asibanwe kona. Taulo nene mkononi, maana meno yao si mchezo. Kufukuzana kidogo ni kawaida. Wakianza kuzunguka huku wanang'atana manyoya, tenganisha haraka. Dume zito likimpanda mdogo kwa muda mrefu, mshushe, kwa sababu mgongo wa sungura huvunjika kirahisi.

Na ukubwa? Kha! Siku ya tatu Kidoti ndiye aliyekuwa anamfukuza Tingatinga koridoni. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kicheko chake.

Juni, baridi ya Mbeya mnaijua, alinigongea mlango asubuhi. "Anti, njoo uone." Kidoti kalala kajikunja, Tingatinga kamkinga kwa upande wa upepo, anamlamba masikio. Tukasimama pale kimya, mimi na khanga yangu, yeye na sweta la shule, mpaka baba yake akatuita chai imepoa.

Bado ananiita anti. Simlazimishi, na mume wangu nimemkataza asimlazimishe. Mama yake alikuwepo, na nafasi yake ipo.

Kwa hiyo dada yangu unayeingia nyumba yenye mtoto, na wewe kaka unayemleta mke kwa wanao, usimtumbukize mtu kwenye banda la mwenzake siku ya kwanza ukasema watazoeana tu. Weka waya kwanza. Muulize aliyekutangulia. Na ukikosea, mwombe radhi hata kama ana miaka 10.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.