Tumpime Muuguzi kwa Lugha ya Mgonjwa Pia

Mtaa wa Membley, ulio kando ya barabara kuu iendayo Thika, umezungukwa na vyuo na hospitali. Upande wa Nairobi ipo Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Upande wa Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, bewa la chuo cha KMTC na hospitali kuu ya mji huo. Si ajabu basi kwamba mimi nikaaye mtaani humo nimezoea kutembelewa na vijana waliosomea uuguzi, vitabu vya maswali vikiwa kwapani. Baadhi yao hujiandaa kwa mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, ambao ndio mlango wa kusajiliwa na kupata leseni. Wengine wameukusudia mtihani wa Marekani uitwao NCLEX-RN, au safari ya Uingereza. Hawaji kwangu kuuliza habari za ini wala figo, kwani hayo wanayajua kunishinda mbali. Huja kuuliza swali linataka nini.

Mtu asiyewahi kuyaona maswali hayo huenda akadhani ninatia chumvi. Swali la aina hii aghalabu hutoa majibu manne ambayo yote yanaelekea kuwa kweli. Kinachoamua ni neno moja dogo: muuguzi afanye nini "kwanza", ni dalili gani inayotisha "zaidi", hatua zote hizi zinafaa "isipokuwa" ipi. Kijana anayejua vyema kumhudumia mwenye pumu huanguka kwa kulipita neno "isipokuwa" mbio mbio. Katika mtihani wa Marekani, kompyuta huchagua kila swali kwa kutazama jinsi mtahiniwa alivyojibu yaliyotangulia. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na muda wake ni saa tano. Kwa saa hizo zote, uuguzi na usomaji vinapimwa kwa mizani moja.

Tuliwahi kuona matokeo ya jambo hili hadharani. Mnamo Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Kabla mwaka haujaisha, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300, waliofaulu mtihani wa Kiingereza walikuwa 10 pekee. Nchi nzima ilishika tama. Wako waliocheka, na wako waliowalaumu walimu wa Kiingereza.

Mimi sikuona sababu ya kucheka. Ugumu huu si wa Mkenya peke yake. Japani ilipowapokea wauguzi kutoka Indonesia na Ufilipino, watu waliokuwa tayari wauguzi kwao, iliwataka wafanye mtihani wa taifa kwa Kijapani. Mwaka 2009 walijitokeza 82, na hakufaulu hata mmoja. Mwaka uliofuata, kati ya 254 walifaulu watatu. Je, watu hao walisahau uuguzi wakiwa angani? Wajapani wenyewe walilitafakari jambo hilo, na baadaye wakarahisisha usomaji wa maandishi ya mtihani na kuongeza muda.

Hata hivyo, lipo funzo jingine ambalo kelele za mwaka 2021 zililifunika. Kwa nini Uingereza inasisitiza mtihani wa lugha? Ni kwa sababu ya mgonjwa wake. Mojawapo ya mitihani inayokubaliwa huko, OET, humkalisha mtahiniwa na mtu anayeigiza mgonjwa, ili ionekane kama anaweza kumsikiliza, kumtuliza na kumweleza. Mwingereza anadai kwamba bibi kizee wa Leeds amwelewe muuguzi anayemtia sindano. Hiyo ni haki yake, nami namuunga mkono. Ninalouliza ni hili: bibi kizee wa Ruiru anadaiwa haki hiyo na nani?

Muuguzi wetu hufundishwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza. Siku anayovaa sare, mgonjwa wa kwanza humwambia, "Mwanangu, nasikia kichomi, na moyo unanienda mbio." Wa pili hulalamikia "homa", naye muuguzi hana budi kupambanua iwapo ni joto la mwili au ni mafua, kwa maana Wakenya wengi huviita vyote viwili kwa jina hilo. Wa tatu amepewa vidonge katika bahasha iliyoandikwa tarakimu 8. Mwandishi alikusudia saa mbili asubuhi. Mgonjwa ataisoma saa nane na kuvimeza mchana. Hapo hakuna aliyekosa elimu. Lugha mbili zimepishana mlangoni, na katikati yao yuko mtu anayetaka kupona.

Sheria yenyewe haiko kimya. Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma ampe mgonjwa maelezo, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Ikiwa hilo ni wajibu, basi ni sehemu ya kazi. Na ikiwa ni sehemu ya kazi, kwa nini lisipimwe kabla ya leseni kutolewa?

Najua nitaambiwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa tiba. Dai hilo limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kutunga Kamusi ya Tiba, na kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari kimewafaa wahudumu wa vijijini kwa miaka mingi. Wengine watasema kwamba mgonjwa wa Kiambu huenda akazungumza Kikuyu. Ni kweli, na muuguzi anayekijua akitumie. Lakini Membley na Ruiru zimejaa watu waliotoka pembe zote za nchi, na Kiswahili ndiyo lugha inayowakutanisha katika foleni moja ya dawa. Wa tatu watahofia kwamba tunawafungia vijana njia ya ughaibuni. La hasha. Sisemi Kiingereza kiondolewe. Nasema mizani iwe na vitanga viwili.

Ningependekeza mambo mawili. Kwanza, vyuo vya uuguzi viwafundishe wanafunzi jinsi ya kulisoma swali la mtihani kama wanavyofundishwa kupima shinikizo la damu, kwani huo nao ni ujuzi, na hauji wenyewe kwa kukariri majibu ya miaka iliyopita. Pili, Baraza la Wauguzi liweke katika mtihani wake sehemu fupi ya mazungumzo kwa Kiswahili: mtahiniwa amweleze mgonjwa namna ya kumeza dawa, saa za kuimeza na dalili za hatari, kisha mgonjwa ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa kuyarudia, mtahiniwa naye hajamaliza kazi.

Na sisi walimu wa Kiswahili tusijitoe lawamani. Katika shule za upili tunafundisha isimujamii, na miongoni mwa sajili tunazozichambua ni ile ya hospitali. Mwanafunzi huorodhesha sifa zake, akapata alama zake, kisha akaingia chuo cha uuguzi asiisikie tena. Tungeweza kumfanya aitumie: aandike maelezo ya bahasha ya dawa, amhoji mgonjwa wa kuigiza, afasiri ushauri wa kliniki ya wajawazito bila kumtisha mama. Kazi kama hiyo ingemfaa hata asiyekusudia kuwa muuguzi, maana sote tutakuwa wagonjwa siku moja.

Nawaombea heri vijana wanaokesha vitabuni, waendao London na wanaobaki Thika. Wanaokwenda watapimwa na wenyeji wao kama wanaweza kuzungumza na wagonjwa wa huko. Wanaobaki wanastahili kupimwa vivyo hivyo, kwa ajili yetu.