Mabadiliko madogo kwenye mlango wa kizazi: kungoja au kutibiwa sasa?

Mama anapimwa mlango wa kizazi, kisha anaambiwa: "Kuna mabadiliko madogo." Wengine husikia neno "kansa" na kuanza kulia. Wengine husikia "si kitu" na hawarudi tena. Njia hizo mbili zote ni za hatari.

Karibu kansa zote za mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV, vinavyopitishwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata wakati fulani, na mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Mabadiliko madogo nayo mara nyingi hupotea ndani ya mwaka mmoja au miwili. Yanayobaki hukua polepole: kufika kansa huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kama mwenye UKIMWI asiyepata dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo muganga anayesema "tungoje, utarudi kupimwa" hajakutupa.

Lakini kungoja kunamtaka mama arudi. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi za Kivu zimehama, na wengine zaidi ya mara moja. Mama aliyepewa tarehe ya mwaka ujao, je, atakuwa wapi siku hiyo? Shauri linalofaa mahali penye amani linaweza kumpoteza mama aliye njiani.

Miongozo ya OMS ya mwaka 2021 inakubali pia njia nyingine: kupima na kutibu bila kungoja kipimo cha pili. Matibabu ya joto au ya baridi huchukua dakika chache na hayahitaji chumba cha upasuaji. Hayamfai kila mtu: mwenye mimba husubiri ajifungue, na panapodhaniwa kansa ni lazima kwenda hospitali kubwa. Tena, kukata sehemu ya mlango wa kizazi bila sababu kunaweza kuongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati.

Basi mama aulize kabla ya kutoka: Nimepimwa kwa njia gani? Nikingoja, nirudi tarehe gani? Nikihama, nipime wapi? Amwambie muganga wazi kama ana UKIMWI na kama hana hakika ya kurudi, kwa maana hayo hubadilisha shauri. Aliyetibiwa hupimwa tena baada ya miezi 12. Na anayetokwa damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi asingoje tarehe yoyote.

Makanisa yetu yana kazi hapa. Waume wafundishwe kwamba HPV inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Matokeo hayo si ushahidi wa uzinzi. Wamama wa parokia wanaweza kukumbushana tarehe kwa siri, kumsindikiza mwenzao, kumchangia nauli na kumwangalizia watoto. Karatasi ya matokeo ibebwe pamoja na kadi za chanjo za watoto siku ya kukimbia.

Maombi yaendelee, na tarehe iandikwe. Anayemwombea dada yake amuulize pia: "Unarudi lini?"