Wito kwa Wamotari wa Misisi na Fizi: Tusingoje Cheni Ikatike

Ndugu wamotari wa Misisi, Lubichako, Lulimba, Fizi na Baraka. Mafundi mnaofanya kazi chini ya turubai kando ya barabara. Wenye pikipiki, wauza vipuri, baba na mama mnaopanda kila siku. Jambo ninalowaletea linaonekana dogo, nalo ni cheni ya pikipiki na sproketi yake ya mbele, ile ndogo ambayo mafundi wengi huiita pinyo. Naomba tuzitunze kama tunavyotunza watu, kwa sababu watu wanazitegemea.

Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira, inafuata ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Baraka, inapanda milima kwenda Fizi, kisha inaendelea Lulimba na Misisi kuelekea Kalemie. Mvua zikianza, lori hukwama siku kadhaa kwenye matope. Pikipiki ndiyo inayopita. Ndiyo inayompeleka mchimbaji kwenye machimbo ya dhahabu, inayobeba mihogo ya mama wa sokoni, bidoni za mafuta, dawa na chanjo za vituo vya afya. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku huko Misisi hupandishwa pikipiki kuelekea hospitali ya Lulimba, na mara nyingi hana chombo kingine. Anayemwendesha anaweza kuwa dereva hodari kuliko wote, lakini cheni ikikatika katikati ya njia, uhodari wake hauzungushi gurudumu.

Tunaijua hatari hiyo, ila tumeizoea. Cheni inapokatika kwenye mpando, pikipiki iliyobeba watu watatu huanza kurudi nyuma. Inapokatika kwenye mteremko wa kutoka Fizi kushuka Baraka, injini haishikilii tena gurudumu. Uzito wote unaangukia breki, na breki zenyewe mara nyingi zimejaa matope. Wakati mwingine cheni iliyokatika hujikunja mbele ikapasua ganda la injini, au hujiviringisha nyuma ikafunga gurudumu ghafla. Huo wa mwisho ndio ubaya mkubwa, maana abiria hutupwa chini kabla dereva hajajua kilichotokea.

Tuanze kwa kuelewa kwa nini sproketi ya mbele huisha kabla ya ile ya nyuma. Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Gurudumu la nyuma likizunguka mara moja, sproketi ya mbele imezunguka mara tatu. Kila jino la mbele linapigwa na cheni mara tatu wakati jino la nyuma limepigwa mara moja. Ongeza mchanga wa kiangazi na matope ya masika, ambayo yakichanganyika na mafuta husaga chuma, utaona kwa nini meno ya mbele huchongoka haraka na kulala upande mmoja.

Cheni nayo haivutiki kama mpira. Kinachotokea ni kwamba pini zake zinalika ndani ya viungo vyake, kila kiungo kinaongezeka urefu kidogo, na jumla yake inaonekana kama cheni iliyolegea. Cheni iliyorefuka hivyo hailingani tena na nafasi za meno, kwa hiyo inapanda juu ya jino na kulila. Ndiyo maana cheni mbovu huua sproketi mpya, na sproketi mbovu huua cheni mpya. Fundi anayebadilisha kimoja na kuacha kingine amemwachia mteja wake gharama ya pili ndani ya muda mfupi.

Hapa nawaomba tuache desturi mbili. Ya kwanza ni kukata pingili za cheni iliyorefuka ili ipate kukaza tena. Ukikata pingili umepunguza urefu wa cheni nzima, lakini kila kiungo kilichobaki bado kimelika vilevile, na bado kitapanda juu ya meno. Umeficha ugonjwa tu. Ya pili ni kugeuza sproketi ya mbele ili upande uliochongoka utazame nyuma. Sproketi nyingine zina bega upande mmoja na hazikutengenezwa kugeuzwa, na hata zile zinazokubali huikuta cheni ileile iliyolika. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kupima hakuhitaji mashine. Shika cheni pale inapozunguka nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma, uivute kwa vidole kuelekea nyuma. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Ukitaka uhakika zaidi, chukua mita ya seremala. Pikipiki nyingi ndogo tunazotumia, za kutoka India na China, hutumia cheni ya namba 428. Hesabu pini 21 mfululizo, cheni ikiwa imenyooka, upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho. Cheni mpya hutoa milimita 254. Ikifika 259, ibadilishe. Tofauti ya milimita tano ndiyo inayotenganisha safari salama na safari ya bahati nasibu.

Kazi ya kubadilisha sproketi ya mbele nayo fundi kijana anaweza kuifanya vizuri akifuata mpangilio. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, mahali pagumu na sawa, injini imezimwa. Ondoa kifuniko cha upande wa kushoto wa injini. Kwa pikipiki nyingine utatangulia kuchomoa pedali ya gia. Safisha matope yote kwanza, kwa burashi na mafuta ya taa, usije ukasukuma mchanga ndani ya sili ya shafti. Kabla hujatoa cheni, mwambie mwenzako akanyage breki ya nyuma, wewe ulegeze bolti mbili ndogo zinazoshika bamba la sproketi. Cheni ikishatoka, shafti itazunguka ovyo na bolti zitakusumbua.

Baada ya hapo legeza nati ya ekseli ya nyuma na vikazio vya cheni pande zote mbili, sogeza gurudumu mbele, fungua klipu ya kiungo, toa cheni. Toa sproketi ya zamani, angalia sili kama inavuja oili, kisha vika mpya. Zungusha bamba likae kwenye mfuo wake na ukaze bolti zote mbili. Unapofunga klipu ya kiungo, upande wake uliozibika uelekee kule cheni inakokwenda, na upande wenye uwazi ubaki nyuma. Klipu iliyowekwa kinyume hung'olewa na jiwe au kijiti, na cheni inafunguka yenyewe barabarani.

Wengi wetu huomba sproketi yenye jino moja pungufu ili pikipiki ivute mzigo milimani. Si kosa, mradi ujue unachokifanya. Ukitoka meno 14 kwenda 13, injini itazunguka kwa karibu asilimia 8 zaidi kwa mwendo uleule. Utapanda vizuri zaidi, lakini kwenye tambarare ya ufuko utatumia mafuta mengi zaidi, na cheni itakunjwa kwa mkunjo mkali zaidi, hivyo itaisha mapema. Anayebeba mizigo ya machimbo kila siku anaweza kufaidika. Anayefanya kazi ndani ya mji wa Baraka hana sababu.

Kukaza cheni ndiko kunakoharibiwa zaidi, kwa kuwa tunadhani cheni iliyokazwa sana ndiyo imara. Shika cheni upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, uisukume juu na chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mchezo wake wote uwe kati ya milimita 20 na 30, na kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, kifuate hicho. Zungusha gurudumu polepole upime sehemu mbalimbali, kwa sababu cheni iliyotumika haikazi sawa kote; kipimo chako kiwe pale ilipokaza kuliko pengine. Kumbuka pia kwamba abiria wakipanda, sehemu ya nyuma inashuka na cheni inakaza zaidi. Anayebeba wawili na gunia asikaze mpaka mwisho. Cheni iliyobanwa hula beringi za injini na hukatika pale hasa unapoihitaji, kwenye mpando na mzigo.

Geuza vikazio kwa kiasi kilekile kushoto na kulia, ukitazama alama zilizo kwenye mkono wa gurudumu, ili gurudumu lisikae upande. Kaza nati ya ekseli kwa nguvu, rudisha pini yake ya usalama, kisha pima cheni tena, maana kukaza nati kunaweza kuisogeza. Usiondoke kabla hujakanyaga breki ya nyuma: ukirudisha gurudumu nyuma, fimbo ya breki inavutika na breki inaweza kubaki imeshika. Irekebishe, zungusha gurudumu kwa mkono, uone linazunguka huru.

Na mafuta? Paka upande wa ndani wa cheni, gurudumu likizungushwa kwa mkono. Nawasihi sana vijana: msisafishe wala kupaka cheni injini ikiwa inazungusha gurudumu. Kitambaa kikinaswa kinaingia na vidole, na kidole kilichopita kati ya cheni na sproketi hakirudi. Paka kila baada ya kilomita 500 hivi, na wakati wa mvua paka kila unapotoka kwenye safari ya matope, baada ya kuiosha.

Sasa niseme na kila mmoja wetu kwa sehemu yake.

Wewe motari, rudisha kifuniko cha cheni kama ulikiondoa. Najua kinajaa matope na kinachelewesha kazi ya fundi. Lakini mama anayepanda na kitenge, na mtoto anayening'iniza mguu, hawana kinga nyingine. Mwambie mama akunje kitenge vizuri kabla hujaondoka. Ni heshima kwake, na hataona umemwingilia.

Wewe mwenye pikipiki unayepokea hesabu kila jioni, tenga sehemu ndogo ya hesabu hiyo kwa ajili ya cheni na sproketi. Kijana asiyemiliki pikipiki hawezi kubeba peke yake gharama ya chombo kinachokulisha wewe pia. Akikuambia cheni imekwisha, mwamini, ama nenda ukapime naye. Ganda la injini likipasuka, utalipa mara nyingi zaidi ya bei ya cheni.

Ninyi wauza vipuri mnaoleta bidhaa kutoka Uvira, au kwa mashua za Kigoma na Kalemie hadi bandari ya Baraka, leteni seti kamili: cheni, sproketi ya mbele, sproketi ya nyuma. Mwambieni mteja ukweli kuhusu chuma laini kinachong'aa dukani na kuisha barabarani. Anayetendewa haki leo atarudi kwenu mwaka mzima.

Ninyi mafundi, msibaki na ujuzi peke yenu. Kijana anayekushikia spana leo mfundishe sababu ya kila hatua, si hatua tu. Mwonyeshe cheni iliyokwisha na cheni nzima, ashike zote mbili mkononi.

Ninyi abiria, motari akisema anasimama dakika kumi kukaza cheni, msimtukane wala msihamie pikipiki nyingine. Mkimwadhibu aliye mwangalifu, mtakuwa mmewafundisha wote kutojali.

Ninyi wakuu wa vituo vya afya na mashirika mnaokodi pikipiki kubeba wagonjwa na chanjo, ulizeni hali ya cheni kabla ya kuuliza bei, na bei mtakayokubali imwachie dereva uwezo wa kununua cheni.

Na kwa viongozi wa vyama vya wamotari nina pendekezo ambalo halingoji mfadhili. Tunayo salongo, kazi ya pamoja tuliyokulia nayo, inayosafisha mitaro na kuziba mashimo. Tuipe nusu saa ya cheni kwenye kila parkingi, kila Jumamosi asubuhi. Kila parkingi ichangie sanduku moja: spana za kutosha, mita, burashi, bidoni ndogo ya mafuta. Fundi mmoja asimamie, wamotari wapime wakiwa wawili wawili, na pikipiki ambayo cheni yake imefika milimita 259 isibebe mtu mpaka ibadilishwe. Mwenye shida ya fedha asaidiwe na mfuko wa chama, alipe kidogo kidogo. Fedha ya mazishi tunaichanga haraka kila tunapofiwa. Tujifunze kuichanga kabla.

Mambo mengi ya Fizi hatuwezi kuyatengeneza sisi wenyewe kwa wiki moja. Barabara inangoja serikali, na amani inangoja wengi. Cheni ya pikipiki yako haingoji mtu mwingine. Iko mikononi mwako, na vifaa vyake vinaenea kwenye sanduku moja. Jumamosi hii, kabla abiria wa kwanza hajapanda, ipime. Ukimaliza, pima na ya mwenzako.