Mgonjwa Apewe Nafasi ya Kuuliza

Mwenye kisukari au shinikizo la damu akaaye Somanga, wilayani Kilwa, ambaye maradhi yake ni sahibu wa umri wote, hatoshelezwi na karatasi ya maelezo iliyopigwa chapa, bali ataka mtu aketi naye, amjibu kwa taratibu, na mgonjwa mwenziwe awepo asikie. Kwani swali lake la hakika, yaani vipi atameza dawa na kukadiria futari yake katika mwezi wa Ramadhani, au kama samaki wa kukaanga auzwaye kandokando ya barabara ya Lindi amfaa, halimo katika karatasi hiyo. Taifa hili la Tanzania halikosi mfano: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika vikundi vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakajadiliana na kukata shauri wenyewe, na majadiliano hayo, kwa rai yetu, yalikuwa na nguvu kuliko redio yenyewe. Basi twaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa iwatengee wagonjwa hawa, kila siku ya kliniki, saa moja ya baraza kabla dawa hazijagawiwa, gharama yake ikiwa mikeka michache na wakati wa muuguzi ambaye, twakiri, tayari ana kazi tele.