Meno ya Kahawia: Dawa ni Maji

Wapo wananchi wengi katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara ambao huziba midomo kwa mikono wachekapo. Meno yao yana mabaka ya kahawia, na mengine yamechimbika. Kwa kuikimbia aibu hiyo, wapo wanaoyasugua kwa mchanga, majivu au poda za mitaani zinazosifiwa kuwa hung'arisha.

Hapana budi ukweli uelezwe. Madoa ya chai, kahawa na tumbaku hukaa juu ya jino na huweza kusafishwa. Mabaka haya ni mengine kabisa. Hayatokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki, bali na wingi wa madini ya floraidi katika maji yapitayo kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na Bonde la Ufa. Magadi yatiwayo katika maharage na makande nayo huyaongeza madini hayo mwilini.

Floraidi kidogo hulinda meno yasioze. Ikizidi, huliharibu jino lingali likiumbika ndani ya ufizi, tangu utotoni hadi umri wa miaka 8 hivi. Jino huchomoza likiwa limekwisha kuharibika. Kulisugua kwa mchanga hakuondoi doa. Kunalimaliza jino lenyewe. Daktari wa meno anaweza kulififisha doa au kulifunika, lakini gharama yake haibebwi na mkulima wa kawaida. Tena tiba hiyo ni ya sura tu: floraidi nyingi ikinywewa kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa, na hakuna poda ya meno inyooshayo mguu uliopinda.

Mwaka 1974 nchi yetu, kwa uhaba wa maji vijijini, ilikubali kwa muda kiwango cha miligramu 8 za floraidi kwa lita, ilhali kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Kiwango hicho cha muda kimekwisha kushushwa. Lakini kushusha tarakimu katika karatasi si sawa na kuishusha katika ndoo ya mama.

Njia zipo. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa kuwa floraidi haitoki na mvuke. Lakini kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimeonyesha kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe huyachuja maji yakafaa kwa kunywa na kupikia. Maji ya mvua nayo karibu hayana floraidi.

Kwa hiyo, kisima kipya kisizinduliwe kwa ngoma na hotuba kabla maji yake hayajapimwa. Kila shule na zahanati katika maeneo hayo iwe na mifereji ya bati na tangi. Wahudumu wa afya wawaeleze akina mama waache kutia magadi katika chakula cha watoto. Wazee wamekwisha kuharibika meno. Watoto wanaozaliwa leo bado wanaweza kuokolewa. Kiongozi atakayechelewa asije kesho akawalaumu kwa kutopiga mswaki.