Debbie Gibson apewe haki yake

Ndugu mwandishi, umeiita "Foolish Beat" wimbo wa kitoto wa mapenzi, kisha ukapita. Hapo nakupinga kabisa. Juni 1988 wimbo huo ulishika namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani, na Debbie Gibson alikuwa na miaka 17 tu. Aliutunga mwenyewe, akauimba, na utayarishaji wa studio akaufanya mwenyewe. Kabla yake, hakuna msanii wa umri mdogo hivyo aliyefanya yote matatu akafika kileleni.

Tena alijihatarisha. Nyimbo zake tatu za kwanza zilikuwa za kuchezeka na zote ziliingia tano bora. Angeweza kabisa kuendelea na mdundo uleule. Badala yake alishusha kasi, akaweka saksafoni yenye huzuni, akaimba majuto ya binti aliyempoteza mpenzi wake. Hata Uingereza uliingia kumi bora.

Prince alikuwa akisifiwa, kwa haki, kwa kutunga, kuimba na kutayarisha kazi zake mwenyewe. Kwa nini binti akifanya hayohayo tunasema ni utoto?